Watoto Hawanyonyi Mgongo

Nakumbuka Noeli ile, mwanangu, kwa sababu nililipika kosa langu mwenyewe na wageni wakaomba mchuzi zaidi.

Nilikuwa bibi harusi mpya hapa Nkanka. Nguruwe wa mama mkwe wangu alikuwa amekufa kwa uzee, akaacha mabinti wawili, mnene na mwembamba. Mama mkwe alipokwenda Ruhwa kumuuguza dada yake, aliniagiza hivi: mmoja achinjwe sikukuu, mwingine abaki wa uzazi. Nikachagua kwa macho. Mwembamba akaingia sufuriani.

Baadaye yule mnene akazaa kumi na wawili. Nilishangilia kama mjinga, maana chuchu zilikuwa kumi tu, na mbili kavu. Wiki haikuisha, nilikuwa nimezika watano. Waliobaki wakadumaa.

Mama mkwe aliporudi aliinama bandani, akahesabu kwa kidole.

"Ule mwembamba alikuwa na maziwa kumi na ine, sawa mama yake. Hukuhesabia?"

"Hapana, Maman. Niliona mugongo."

"Batoto habanyonyake mugongo! Weye unachagua nguruwe sawa unachagua kitenge."

Nililia. Ukoo ule wa nguruwe ndio uliowalisha wakwe zangu tangu waliporudi kutoka Congo, nami nilikuwa nimeukata. Mama mkwe akachukua kamba, akaniongoza kwa jirani yetu, Papa Bahati. Kumbe zamani mama mkwe alimpa jike wa uzao wa kwanza wa nguruwe wake, bure. Papa Bahati hakuuliza mengi, akatupatia binti wa jike yule. Chuchu kumi na nne, nilihesabu mara mbili. Huyo ndiye bibi wa hawa unaowaona leo. Akiba haiozi.

Sasa unaniambia daktari wa mifugo atakuletea kwa moto, ile pikipiki yake, mbegu za dume anayekua haraka. Sawa, sikatai. Ukubwa watoto huurithi upesi. Lakini uzazi haujitangazi, mwanangu. Uliza mama wa dume huyo alizaa wangapi, akalea wangapi. Binti usimpandishe kwa baba yake. Na katika uzao wa kwanza mpe jirani jike mmoja, tena yule mzuri unayemwonea uchoyo.

Mama mkwe hakulitaja kosa langu tena mpaka tunamzika, na mimi namshukuru kila nikisikia kelele za banda hili. Mungu akupe banda lenye kelele, na jirani wa kumwendea ukiwa na kamba mkononi na aibu usoni.