Mgunga Ulionuna

Mgunga ulio nyuma ya zizi letu hapa Haneti hauna habari na kalenda ya mtu. Mwaka mmoja unazaa mpaka matawi yanalalamika: mbuzi wanakula na kusaza, wadudu wa mbegu wanatoboa mpaka wanachoka, na bado mbegu nyingine zinapita salama tumboni mwa mbuzi zikaote kwenye samadi. Halafu unanuna. Mwaka huu haupo, mwaka ujao haupo, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mimi shule niliionja tu, nikaitwa kuchunga, kwa hiyo sikufika darasa wanalofundisha mti unawaza nini.

Mwaka wa pili wa kununa akaja shemeji yangu wa Nkuhungu, mdogo wake mke wangu, na shoka begani. Anauza mkaa, na muuza mkaa akitazama mti anaona magunia.

"Shikamoo, dada. Mti huu uzazi umekwisha. Niuchome, tugawane."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia au kuzika?"

Mke wangu alikuwa na mbuzi anayenyonyesha mapacha, na kiangazi chakula chao ni maganda ya mgunga huo. Ukikatwa, na mbuzi tuwaage.

"Dada, hata wadudu wameukimbia. Wenye akili wako kwenye ukwaju."

Hapo hakudanganya. Wapo wadudu wasiochagua meza, na kwenye ukwaju wa jirani mwaka ule ilikuwa harusi.

Mke wangu akaingia ndani, akatoka na kilindo, kile chombo chetu cha gome la mti. Humo alikuwa ameweka maganda ya mwaka wa neema, kayachanganya na majivu, anayatoa kidogo kidogo kama dawa. Shemeji akapasua ganda, akachagua mbegu isiyo na tundu. Kwetu mbegu hupimwa kwa jino, basi akaing'ata atuonyeshe imeoza. Bahati ya mdudu, meno ya shemeji yana mapengo. Alipoitema kiganjani, ndani ya mbegu alikuwemo mdudu mzima, kakunja miguu, amenona kutuzidi wote pale. Akaanza kutembea kiganjani polepole, kama mwenye nyumba aliyegongewa mapema.

"Huyo hajakimbia," akasema mke wangu. "Kalala tangu mwaka wa neema, anausubiri mti. Kimdudu hiki kimeweza, wewe mwenye ndevu umeshindwa."

"Sasa unanilinganisha na mdudu, dada?"

"Hata. Yeye hajaomba tugawane."

Shemeji akanywa uji wetu, bakuli mbili kwa hasira, akaondoka na shoka lake kavu.

Kilindo hakikutosha. Pacha mmoja alikufa kabla ya mvua. Mwaka uliofuata mgunga ukazaa, upande wa chooni tu, ili tusizoee. Mke wangu akaokota ganda la kwanza, akaligeuza: lina matundu.

"Wamewahi," akasema, akalirusha hivyo hivyo kwa pacha aliyebaki.