Muhogo wa Siku ya Kumi na Moja

Mama yangu alipougua mwaka juzi, hakuomba kupelekwa hospitali kubwa wala kuitiwa ndugu. Alisema anataka Ba aje kwetu Misima, ale chakula chake. Akageukia ukuta, kama mtu aliyekwisha kutaja bei na hashuki.

Ba ni mwanamke wa Kihindi wa Korogwe ya zamani, kule karibu na mto. Ba ndiyo "mama" kwa Kigujarati, na mtaa mzima unamwita hivyo. Mama yangu alifanya kazi kwake miaka kumi na tisa: kufua, kudeki, kuosha vyombo, kumlea mtoto wake wa kiume ambaye leo ana mvi na duka la vifaa vya ujenzi. Miaka yote hiyo Ba alimlisha mama chapati, dengu na mtindi, katika sahani ya bati iliyokuwa ikikaa peke yake juu ya rafu, mbali na vyombo vya nyumba. Mama hakuwahi kumlisha Ba hata tonge moja. Sasa alikuwa amelala siku nyingi mkekani, na hilo ndilo lililobaki likimsumbua.

Mimi nilidhani kazi yenyewe nyepesi. Ba hali nyama, na mboga ndiyo biashara yangu. Nanunua bamia na mchicha Sindeni, nauza Korogwe, na mara mbili kwa wiki nampitishia Ba kapu lake. Masharti yake nilikuwa nayajua, au ndivyo nilivyojiambia. Nyama hapana, samaki hapana, yai hapana. Siku moja nilijaribu kumshusha kidogo, maana mimi sijawahi kukubali neno la kwanza la mtu yeyote.

"Dagaa je, Ba? Wadogo wale, hata hawahesabiki."

"Wana macho?"

"Wanayo."

"Basi."

Nikaona hiyo kanuni inashikika: chenye macho hakiliwi. Lakini kitunguu hakina macho, naye hali. Kitunguu saumu vilevile. Nilipouliza, akaniambia hivyo vinachemsha mwili, na mtu akikaa kwenye ibada moyo unazurura. Mimi nala kitunguu asubuhi na jioni, na moyo wangu hauzururi popote ila sokoni. Maziwa anakunywa, samli anapikia. Nikamkumbusha kwamba maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Akanijibu kwamba ng'ombe hakufa.

Nyumba ya pili kutoka kwake wanakaa Wajaini. Wale hawali hata kiazi wala karoti, kwa sababu kuking'oa ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vya udongoni. Mimi nikajua ni dini moja tu, Wahindi ni Wahindi, nikamnyima Ba viazi miaka miwili kwa heshima. Siku aliponiuliza kama viazi vimekwisha Handeni nzima, nilikosa pa kuficha uso. Mwanawe naye anakula kitunguu, na akisafiri anakula na mayai, ila Jumamosi hagusi. Nilimuuliza Jumamosi ina nini, akasema kamuulize mama. Nikamuuliza Ba, akasema kamuulize yeye.

Kwa hiyo nilipokwenda kumwalika nilikwenda na masikio mawili. Ba aliuliza hali ya mama, kisha akasema atakuja, ila isiwe siku ya kumi na moja ya mwezi. Siku hiyo anafunga. Siku gani hasa, tupatane na mwanawe kwa simu.

Hapo nilijiona nimefika nyumbani. Mwezi wa angani ni wetu Waislamu. Mama yangu alipokuwa mzima alikuwa akifunga siku nyeupe, ya kumi na tatu, ya kumi na nne na ya kumi na tano, na mwezi tumejifunza kuuhesabu kwa vifundo vya vidole tangu utotoni. Nikahesabu tangu jioni tuliyouona mwandamo: Jumatano ni kumi, Alhamisi kumi na moja. Nikarudia na mkono wa pili, ikaja vilevile. Nikampigia mwanawe, nikamwambia waje Jumatano. Akasema sawa bila kumuuliza mtu.

Kilichobaki kilikuwa kumshinda mama. Yeye alitaka kuku. Mgeni wa heshima kwetu anachinjiwa, na asipochinjiwa watu wanajua umemdharau. Nikamweleza mara tatu kwamba kuku ndiyo dharau yenyewe. Akanitazama kama niliyerogwa.

"Basi nimchinjie nini, bamia?"

Nikanunua sufuria mpya mbili, mwiko mpya na sahani sita, maana vyombo vyetu vyote vilishaonja nyama na nisingeweza kuapa kwa hata kimoja. Nikapika wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha, bila kitunguu, bila saumu. Mama alielekeza akiwa mkekani: punguza moto, ongeza tui. Kila nilichotia nilikihesabu nikitia, nikakihesabu tena kikishaiva, kana kwamba kitunguu kingeweza kuingia chenyewe.

Muhogo aliojichomea mama kwenye makaa huku nimemshika, kwa chakula chake cha mchana, niliusogezea majivu, nikausitiri kwa sufuria. Muhogo mkavu bila mboga kwetu ni chakula cha mwaka wa njaa. Mgeni haonyeshwi.

Walikuja na gari la mwanawe. Mama alikazana kukaa, akasema, "Shikamoo Ba," Ba akaitika marahaba, akakalia kiti kwa sababu ya magoti yake, na wakashikana mikono muda mrefu. Nikaleta chakula. Nikanawisha mikono. Nikapakua.

Ba akaitazama sahani, mikono yake ikabaki mapajani.

"Leo ni ya kumi na moja," akasema taratibu.

Nikasema hapana, Ba, leo kumi. Nikaonyesha vidole. Naye akaonyesha vyake. Kumbe wao wanaanza kuhesabu mwezi ukiwa bado umefichika, sisi tunangoja macho yauone. Mwezi ni ule ule mmoja, na yeye yuko mbele yangu kwa siku nzima. Siku hiyo hali nafaka yoyote, wala dengu wala maharage. Wali haufai, maharage hayafai, na mchicha nilikuwa nimekwisha kuumwaga juu ya wali kwa ukarimu wangu. Asubuhi aliijua siku, akasema, lakini aliambiwa mama anamngojea, na kwa mgonjwa mtu haahirishi.

"Ba, mchele hauna macho," nikasema. Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli, sikuwa natania. Mwanawe akacheka peke yake, akaacha.

Kisha mama akauliza, kwa sauti ile aliyokuwa akiniuliza nayo nilipokuwa mdogo nimevunja kitu.

"Ba, nikuulize. Kinachokuzuia kula kwangu ni nyama, au ni mimi?"

Mwanawe akaanza kuzitazama funguo za gari. Mimi nilitamani kukusanya sahani zangu sita nitoke.

"Zamani ilikuwa vyote viwili," Ba akasema. "Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo, nami sikumuuliza."

"Na leo?"

"Leo ni mchele."

Halafu Ba akainua pua kidogo kuelekea mafigani, akauliza kinachonukia ni nini. Nikamwambia si kitu, ni muhogo, si wa wageni. Akasema muhogo anakula. Muhogo si nafaka.

Nilitaka kubishana. Nyumba ya pili mzizi ni dhambi, hapa mzizi ndio wokovu, na mimi ndiye ninayewauzia wote. Lakini mama alikuwa ameshainuka. Siku nne hakuwa amesimama bila kushikwa. Akaenda mpaka mafigani, akaufukua muhogo kwa vidole, akakwangua palipoungua, akaumega, akaweka na kiganja cha karanga kwenye sahani mpya, akampelekea. Ba akapokea, akala kwa mkono wa kulia, bila chumvi, bila haraka. Alikula vipande vitatu. Nilihesabu akila, na baadaye nikahesabu zile nyuzi za katikati alizozibakiza ukingoni mwa sahani. Tatu.

Wali tukala sisi. Mwanawe alirudia sahani ya pili, akasema ungekuwa na kitunguu ungekuwa mtamu zaidi.

Jioni nilimwambia mama, haya, amekula, roho yako itulie. Akasema muhogo umepikwa na makaa, yeye aliugeuza tu. Cha kwenye sufuria yake mwenyewe, Ba bado hajala. Nikamwuliza kama basi hesabu yake ni sifuri au moja. Akafikiri sana, kuliko nilivyotarajia, akasema sijui.

Alipata nafuu. Siku hizi anatembea mpaka kisimani. Ile sahani aliyolia Ba muhogo mama aliiosha mwenyewe siku ileile, hakunipa mimi, akaiweka juu ya kabati, peke yake. Zile tano tunazitumia kila siku. Hiyo moja haiguswi. Sijui kama ni heshima au kisasi, na nimeifikiria pande zote mbili, zaidi ya mara mbili. Mwisho nikamwuliza.

Akasema kamuulize Ba.