Kibiriti cha Kuwashwa

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kumwonea wivu Saumu kwa ajili ya upele. Nimekana mbele ya mama yangu, mbele ya mume wangu, na zaidi ya wote mbele ya Saumu mwenyewe, ambaye kila tukikutana kwenye harusi au matanga hunishika mkono, akaufungua na kuniuliza kama bado nawashwa. Leo nakiri. Na si kwamba yeye hakuwa na upele. Alikuwa nao kama mimi, katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni pale sketi inapobana. Wivu wangu ulikuwa wa dawa. Yake ilitoka hospitali, nyeupe kama maziwa, katika chupa ya kahawia yenye karatasi iliyoandikwa kwa wino. Yangu ilitoka jikoni kwa Nyanya, ya manjano, ndani ya kifuu cha nazi, na ilinuka. Hata leo nikivunja yai viza jikoni kwangu Nairobi, kwa dakika nzima mimi si mwanamke mwenye shahada na miwani ya kusomea. Ni mtoto aliyekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono imenyooshwa mbele, akisubiri kupakwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, enzi zile tulipokuwa tukipewa maziwa ya pakiti shuleni. Mama yangu alikuwa akifundisha Kaloleni na akija Malindi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nililelewa na Nyanya, mama yake. Upande wa pili wa ua wetu alikaa mama mdogo Zuhura na binti yake Saumu, rika langu, tuliyechangia naye madaftari, viatu na, kama ilivyodhihirika, upele. Tungejikuna kimya kimya mpaka ukubwani kama si harusi. Mdogo wa mwisho wa mama zetu alikuwa anaolewa, na mmoja wetu alitakiwa kushika mrashi: ile chupa ya fedha yenye shingo ndefu ambayo hupitishwa kwa wageni wa kike, kila mmoja akakinga viganja akanyunyiziwa marashi ya waridi. Mrashi wa Nyanya ulikuwa mmoja, na kwa mtoto wa ua ule hapakuwa na cheo kikubwa kuliko kupita katikati ya wanawake wote wa mtaa na kila mmoja akusubiri wewe.

"Mimi simpi mrashi mtoto anayejikuna," alisema Nyanya. "Wageni watakinga mikono au wataificha?"

"Watapona, mama," akajibu mama mdogo. "Nitawapeleka hospitali wote wawili."

"Wa kwako mpeleke. Wa kwangu nitampaka kibiriti upele."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani. Watoto wanataka dawa."

"Na hiki ni nini, uji?"

Basi wakakubaliana, kwa ule upole wa watu waliokwisha kasirika, kwamba kila mmoja amtibu wa kwake. Siku ya hina mikono yetu ingetazamwa, na mwenye mikono safi ndiye atakayeshika mrashi. Hakuna aliyetuuliza sisi. Mimi ningeulizwa ningesema nataka ile chupa ya kahawia.

Kibiriti upele, kwa asiyekijua, ni ule unga wa manjano unaouzwa dukani kwa vipimo vidogo katika kipande cha gazeti. Nyanya alinituma mwenyewe. Nilipofika dukani nikawakuta wasichana wa darasa letu wamejaa kwenye kaunta wakinunua peremende, na lile neno la pili likanikwama kooni. Nikasema nataka kibiriti. Mwenye duka akanisukumia kiberiti cha kuwashia jiko. Nikasema sicho. Akanitazama, akaitazama mikono niliyoificha nyuma, akauliza kwa sauti ya mtu anayejua ana hadhira, "Sasa mwanangu, wataka kibiriti cha kuwasha au cha kuwashwa?" Wasichana walicheka mpaka mmoja akaangusha peremende yake mchangani. Tangu siku ile jina langu shuleni likawa Kibiriti. Saumu, aliyekuwa na upele uleule, aliendelea kuitwa Saumu, maana dawa yake haikununuliwa dukani wala haikunuka.

Kila alasiri, baada ya kurudi chuoni kusoma Kurani, nilikalishwa juu ya mbuzi. Nyanya alichanganya unga wake na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akayapasha moto kidogo kwenye makaa, akanishika mkono na kuanza kunipaka. Hakuwa na haraka. Alipita kidole kwa kidole, akisugua kila bonde kwa dole gumba lake lenye sugu, akinisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa nasikia nusu nusu. Macho yangu yalikuwa ng'ambo ya ua, ambako mama mdogo alimsimamisha Saumu juu ya gazeti, akachovya unyoya wa kuku katika ile dawa nyeupe na kumpaka kutoka mbali, kama anayepaka rangi mlango. Unyoya! Mimi niliona ni ufundi wa kidaktari. Saumu alisimama mikono ameitanua ikauke, mweupe tangu shingoni, na kwangu alionekana kama malaika. Dawa ilimchoma kwenye michubuko akawa anarukaruka. Hata kule kurukaruka nilikuonea wivu. Dawa yangu haikuuma popote, nikaamini haifanyi kazi.

Nikawa mkaguzi. Asubuhi tukienda shule nilidai kuiona mikono yake, nikilinganisha vipele vyake na vyangu. Vyake vilikuwa vikikauka, vyangu pia, lakini mtu mwenye wivu hahesabu sawasawa: kipele changu kimoja kilikuwa na uzito wa vyake vitano. Wiki ya harusi ilipofika mimi nilikuwa nimebakiwa na vichache tu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nikaanza kutumaini.

Siku ya hina Saumu alivuka ua akiwa amekwisha kupambwa na mama yake nyumbani kwao. Sijaona tena mtoto aliyetiwa hina nzito namna ile. Maua yalianza kwenye kucha, yakashuka katikati ya vidole, yakazunguka vifundo kama bangili, hata hapakuwa na ngozi ya kutosha kuweka nukta moja. Mimi Nyanya alininyima hina kabisa, akisema haipakwi juu ya kidonda. Aliivaa miwani yake akaitazama mikono yangu mitupu, myekundu pale nilipojikuna kwa hofu. Kisha akamshika Saumu, akamgeuza viganja, akamtazama muda mrefu. Akainama akamnong'oneza kitu sikioni. Saumu akaitikia kwa kichwa, naye Nyanya akampa mrashi. Kule kunong'ona kuliniuma kuliko mrashi wenyewe. Siku ya harusi niliwekwa jikoni, na hata huko hawakunipa mchele nichague.

Mama mdogo alilitumia tukio lile kwa muda mrefu. Mtu wa mtaa akipata chunusi aliambiwa habari ya chupa ya kahawia na kifuu cha nazi, na nani alishinda. Nami nilipofika chuo kile kingine, cha Nairobi, nikajipatia utetezi. Nilisoma kwamba kibiriti upele huutibu upele sawa na ile dawa nyeupe, na kwamba kinachozishinda zote mbili mara nyingi ni shuka: wasipotibiwa watu wote wa nyumba kwa pamoja, na nguo na matandiko yasipofuliwa kwa maji ya moto, wadudu hurudi. Nikajua basi. Mama mdogo alikuwa akichemsha shuka za Saumu, na mimi nililala na Nyanya kwenye mkeka uliokung'utwa tu. Hoja hii nimeitoa katika mikusanyiko ya ukoo bila kuombwa, kwa maneno ya kitaalamu, na mume wangu amejifunza kuondoka mapema kwenda kutafuta chai.

Juzi Saumu alinipigia simu kutoka Malindi.

"Hujambo Kibiriti," akasema. "Mjukuu wangu kaota upele. Hospitali wamempa dawa, tumempaka, tumejipaka sote, shuka tumechemsha kama unavyohubiri. Nataka nimtilie na ile ya Nyanya. Alikuwa akiichanganya vipi?"

"Wewe wa unyoya? Ya Nyanya umeijulia wapi?"

"Ndiyo iliyoniponya."

Nikamwambia asinitanie, yeye alipona kabla ya harusi, mimi mwenyewe nilishuhudia mrashi.

"Nani kakwambia nilikuwa nimepona? Ile ilikuwa hina, dada. Mama alinijaza hina kufunika vipele. Marashi yaliponimwagikia vidoleni nilitamani kulia. Nyanya aliona. Alininong'oneza, 'Usimwaibishe mama yako leo. Harusi ikiisha njoo kwangu.' Basi wewe ukienda chuoni, mimi naingia kwa mlango wa nyuma, ananipaka. Nilikuwa nanuka kama wewe. Hukusikia?"

Sikusikia. Pua yangu ilikuwa imeshazoea harufu yangu mwenyewe.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema utaona wivu." Akacheka. "Na mimi nilikuwa nao, Rukia. Mama alikuwa hanigusi, ananipaka kwa unyoya. Nikikutazama ng'ambo ya ua umekaa juu ya mbuzi, Nyanya amekushika mkono hivi, hakuachii. Haya, niambie. Kibiriti kijiko kipi? Na mafuta yawe moto au vuguvugu?"

Nilifikiri. Nilikiona kifuu, niliyaona makaa, nikalihisi lile dole gumba kati ya vidole vyangu. Kipimo sikukiona.

"Sijui, Saumu," nikamwambia. "Sikuwahi kuangalia. Nilikuwa nakuangalia wewe."