Ugonjwa Uliobadilishwa Jina Matangani

Kule mjini Likasi mtu akifa, matanga hayaishi mpaka msemaji wa familia asimame aeleze watu marehemu aliugua nini. Katika ukoo wa Rosalie, fundi wa nguo wa mtaa wa Shituru, kazi hiyo ilikuwa ya mjomba wao, Tonton Octave, na aliipenda kuliko misa. Mdomo anao, huyo. Mama yake Rosalie, Octave alimzika kwa "kifua", kaka yake Dan kwa "mguu uliovunjika ukaoza". Mtoto wa Marlène, dadake Rosalie, eti alianguka kitandani. Neno kansa halikutajwa kabisa, maana wasichana wa ukoo wenye kansa nani atawaoa?

Basi Rosalie naye, hata miaka thelathini na tano hajafika, akaota uvimbe kwenye titi. Alivuka mpaka hadi Lusaka, madaktari wakautoa uvimbe huo wa kansa, ikabaki kuchomwa miale. Njia hiyo aliichagua mwenyewe kwa sababu ingemwachia titi lake. Daktari akamuuliza kama nyumbani kuna mwingine aliyeugua kansa. Akajibu hakuna, na aliamini hivyo.

Daktari hakuridhika, kwa umri ule mdogo. Akamweleza taratibu kwamba ziko koo zinazorithishana kasoro ya kuota uvimbe, na kwa watu hao miale inayoua kansa leo inaweza kuzaa nyingine miaka ya mbele. Kwao ni afadhali titi lote likatwe.

"Uliza nyumbani kwanza," alisema. "Miale ikishaingia hairudi."

Rosalie akapiga simu Likasi.

"Tonton, Dan alikufa na nini?"

"Si unajua, mutoto yangu. Ni mukulu, ule muguu ulivunjika."

"Tonton, minye niko muzima. Usinizike na bongo, na uongo yako ya matanga."

Octave akalia, mzee mzima, na ukweli ukamtoka. Dan, kansa ya mfupa. Mama yao, ya titi. Mtoto wa Marlène, ya ubongo, na habari hiyo madaktari walimwambia Octave peke yake.

Daktari aliposikia hayo, miale ikaachwa, titi likakatwa. Rosalie alililia titi lake, tusidanganyane, na alimkasirikia sana mjomba wake. Majibu ya damu waliyompima yalipokuja, yakathibitisha kasoro ile.

Aliporudi Likasi hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Marlène, ambaye miaka yote aliamini amemuua mwanawe kwa kumwacha kitandani akaenda kuchota maji. Akamweleza yote, na kwamba yeye pia inabidi apimwe.

Marlène aliuliza polepole, "Hakukufa juu ya kuanguka?"

"Hapana."

"Basi ni minye nilimupa, mu damu."

"Mama naye alitupa siye. Weye unamuchukia Mama?"

Marlène alitikisa kichwa, akaanza kumlilia mwanawe. Siku ya mazishi hakuthubutu, aliogopa watu waseme muuaji analia.