Viatu Visivyokauka

Ukinyoosha mikono katika chumba cha Mzee Gen, vidole vyako vinagusa kuta zote mbili. Ni chumba cha ukubwa wa mikeka mitatu ya kulalia, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani na msumari wa kutundikia koti. Nimeingia humo mara moja tu, siku niliyokwenda kumgombeza, na siku hiyo nitaifikia. Mimi ni Mitsue. Nakaanga okonomiyaki, zile chapati zetu nene za kabichi, na bamba langu la moto linatazama mlango wa gesti ya Tsubame moja kwa moja. Wanaoniita mmbea wakae siku nzima mbele ya mlango wa watu, halafu wajaribu kutoona kitu.

Gesti za mtaa wetu huku kusini mwa Osaka zilijengwa kwa ajili ya vibarua. Wanaume walitoka kila pembe ya nchi kuja kujenga madaraja na maghorofa, wakalala humu, wakaamka alfajiri kugombea kazi. Kazi zilipokwisha, wengine walikufa, wengine walipotea, vyumba vikabaki vitupu. Ndipo wakaanza kuja vijana wa kigeni wenye mabegi makubwa mgongoni, wanatafuta pa kulala kwa bei poa. Mwanzoni tuliwacheka. Nani anatoka Ulaya kuja kulala chumba alichokikimbia kibarua? Lakini walikuja, wakalipa, wakala chapati zangu, nami nikaacha kucheka.

Mzee Gen alikuwa fundi wa majukwaa ya ujenzi, mmoja wa wale wanaotembea juu ya bomba kule angani kana kwamba wako sebuleni kwao. Jina lake zima ni Genzo Tatsumi, au ndivyo anavyosema, maana mtaani kwetu humuulizi mtu jina lake la kweli, wala alikotoka, wala kwa nini haandikiwi barua. Hiyo ndiyo adabu yetu, na imewastiri watu wengi. Alifika Tsubame akiwa kijana, wakati mwenye nyumba ni baba mkwe wa Mama Fumie, mwenye gesti wa sasa, na hajahama tangu hapo. Hana mke, hana mtoto, na huko kaskazini alikozaliwa waliomjua wamekwisha. Kile chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, ndicho kwao.

Wageni walipoanza kuja, hakuna aliyemtuma, lakini alijipa kazi. Aliwafundisha kwa ishara kwamba mtu anajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo anaingia kwenye bafu kubwa la maji moto, siyo kuingia na sabuni yake kama anafua. Kulikuwa na Mreno mmoja, Duarte, kijana mrefu mno, ambaye kila akipita mlango wa bafuni alikuwa anajigonga paji la uso. Mzee Gen akachukua taulo kuukuu, akalifunga kwenye boriti kwa yale mafundo yake ya kazini. Tangu hapo Duarte alijigonga kwa raha. Kila mwaka anarudi, na kila mwaka analikuta taulo limebadilishwa.

Halafu kuna suala la viatu. Kwetu viatu vinavuliwa mlangoni, na wageni huviacha vimetazama ndani, vingine chali, vingine vimepandana. Kila asubuhi Mzee Gen alifagia pale, kisha akachuchumaa na kuvigeuza, jozi moja baada ya nyingine, vikatazama nje, ili mwenyewe akishuka achomeke miguu na kwenda zake. Ndivyo mwenyeji anavyomtakia msafiri safari njema. Viatu vyake mwenyewe, vile vya kitambaa cheusi vya watu wa majukwaa, vilivyotengwa kidole gumba, aliviweka kando chini ya kabati. Vilitazama ndani, kwa sababu yeye hakuwa msafiri. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuvigusa.

Mwaka juzi, Naoki, mtoto wa Mama Fumie, akarudi kutoka Kobe kumsaidia mama yake. Si kijana mbaya. Ana haraka tu, na anaamini kila kitu chenye lifti. Siku moja walikaa mbele ya bamba langu, yeye na mama yake, akaanza.

"Mama, ghorofa ya pili tubomoe kuta, tuweke vitanda vya dabodeka. Wasafiri siku hizi wanataka kulala wengi pamoja. Vile vichumba vya mtu mmoja vinatula."

"Na Mzee Gen?" niliuliza mimi, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeuliza.

"Shangazi, yule anahitaji kutunzwa. Ngazi zile zitamuua. Kuna makao ya wazee ya manispaa, yana lifti, yana muuguzi. Simfukuzi mtu."

"Umemuuliza yeye?"

"Nitamuuliza kila kitu kikiwa tayari."

Mama Fumie alikuwa anakata chapati yake vipande vidogo vidogo bila kula. "Tutaona," akasema.

Nilipoinua macho niliona miguu chini ya pazia la mlango wangu. Viatu vyeusi, kidole gumba kimetengwa. Vilisimama kidogo, kisha vikageuka, vikaenda. Alisikia kiasi gani, sikujua, na wale wawili walikuwa wamekipa kichochoro mgongo.

Wiki hiyohiyo kiuno kilimkamata Mzee Gen. Nilimwona akifagia huku mkono mmoja uko mgongoni, na kuchuchumaa kwake kulikuwa mateso matupu, lakini viatu vya wageni viligeuzwa. Siku chache baadaye Mama Fumie akaja dukani kwangu, akakaa bila kuagiza.

"Mzee Gen anaondoka," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kesho asubuhi. Amenishukuru kwa miaka yote."

"Anakwenda wapi? Huko kwa wazee?"

"Sidhani. Naoki hajamwambia lolote. Sikumuuliza."

"Hukumuuliza. Na kwa nini anaondoka?"

"Mitsue, mtu mzima akisema anaondoka, mimi ni nani nimhoji? Labda amepata pazuri zaidi."

"Pazuri zaidi wapi, Mama? Mbinguni?"

Alikuwa amekunja kitambaa cha meza yangu, akakikunjua, akakikunja tena. Damu ikanichemka. Nilizima gesi, nikavuka kichochoro na aproni yangu, nikavua viatu, nikapanda ngazi mpaka chumba cha mwisho.

Mzee Gen alikuwa amepiga magoti, anafunga furushi. Maisha yake yote yalienea kwenye shuka moja.

"Umepata chumba wapi?"

"Nitapata."

"Yaani hujapata."

"Osaka ni kubwa, dada."

"Na kiuno hicho? Utalala chini ya daraja?"

"Baadhi ya madaraja nimeyajenga mwenyewe," akasema. "Najua yapi hayavuji."

"Usinitanie, mzee. Nani amekwambia uondoke?"

Alikaza fundo, akalifungua, akalikaza upya. Lilikuwa fundo zuri tangu mwanzo.

"Hakuna aliyeniambia. Ni watu wastaarabu, hawawezi kumwambia mtu kitu kama hicho." Akaliacha lile fundo. "Juzi asubuhi nilishuka, nikakuta viatu vyangu vimegeuzwa. Vinatazama nje."

Nilijikuta nimekaa mkekani.

"Nimewageuzia wageni viatu miaka yote hii," akaendelea. "Nishindwe kuelewa vyangu? Mama Fumie amenitendea wema mkubwa, kunijulisha bila kunitia aibu. Nami nataka kuondoka bila kumtia aibu."

Nilishuka ngazi mbio. Mama Fumie alikuwa amerudi, yuko bafuni anasugua sakafu kwa nguvu kana kwamba imemkosea.

"Ni wewe uliyegeuza viatu vya mzee?"

"Ndiyo. Nilimwona anashindwa kuinama. Nikasema na yeye walau siku moja afanyiwe kile anachowafanyia..." Hapo brashi ikasimama. Akaliangalia povu, kisha akaniangalia mimi, na rangi ikamtoka usoni. Akakaa taratibu juu ya kistuli cha kuogea.

"Panda juu ukamwambie," nikasema.

"Nikamwambie nini? Kwamba nilimwonea huruma? Mwanamume kama yule?"

"Mwambie akae."

"Nikimwambia akae, atakaa kwa ajili yangu, hata kama anataka kwenda. Atakuwa amefungwa. Na Naoki ana mipango yake. Nitamfunga mtu kwenye nyumba ambayo ngazi zake zinamuumiza?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Usithubutu, Mitsue. Kosa ni la mkono wangu. Niachie."

Nilirudi dukani nimefura kwa hasira. Watu wawili wamekaa chini ya paa moja maisha mazima, wanajuana kikohozi na nyayo, na hakuna kati yao anayeweza kumwambia mwenzake neno moja la wazi. Adabu yetu hii, niliyoisifu, siku hiyo nilitamani kuitupa jalalani. Nililia nikikata vitunguu, na vitunguu havikuwa na kosa.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika, zile mvua zetu za mwezi wa sita zinazofanya hata mkate uote ukungu. Nilikwenda Tsubame na chapati kwenye kifuko, kwa kisingizio kwamba Duarte, aliyekuwepo tena mwaka huo, ameagiza. Pale mlangoni palikuwa vurugu tupu, wasafiri wanafunga mabegi, viatu vimerundikana bila mpangilio. Naoki alisimama kwenye kaunta, hana raha. Mama yake alikuwa nyuma yake, mikono imemwiva kwa maji baridi.

Mzee Gen akashuka polepole, furushi begani, miguuni ndala za ndani ya nyumba. Akaona lile rundo. Nilidhani atalipita. Akaweka furushi chini, akashika kiuno, akachuchumaa, akaanza kuvigeuza, kimoja kimoja, mpaka vyote vikatazama mvua. Kisha akapeleka mkono chini ya kabati, akapapasa, akakuta patupu.

"Viatu vyangu?"

"Nimevifua," akasema Mama Fumie.

"Umevifua?"

"Vilikuwa na matope."

"Mama, mvua inanyesha."

"Naona."

"Vitakauka lini?"

"Siwezi kusema. Kitambaa kile ni kizito. Na mvua ndiyo kwanza imeanza."

Duarte, ambaye Kijapani chake ni cha kuombea chumvi, alielewa tu kwamba mzee hana viatu. Moyo wake ni mkubwa kama miguu yake. Akatoa kandambili zake kutoka kwenye begi, akamnyooshea kwa mikono miwili. Nilimkanyaga mguu.

"Wewe, kula chapati," nikamwambia.

Mzee Gen alitazama ndala zilizokuwa miguuni mwake. Za ndani hazitoki nje. Ni jambo ambalo kwetu hata mwizi analizingatia, na yeye ndiye aliyelifundisha nusu ya dunia pale pale mlangoni, kwa ishara, bila kuchoka. Alisimama kwenye ukingo wa sakafu, na mbele yake, hatua moja chini, kulikuwa na njia. Hakushuka.

"Siku ile niliviona vimegeuzwa," akasema, akiiambia sakafu.

"Niligeuza kwa sababu kiuno kilikuwa kinakuuma," akasema Mama Fumie. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Hapakuwa na jingine. Mimi sikutaka uende. Sijawahi kutaka uende."

Naona maneno hayo yalimgharimu kuliko kufua. Uso ulimwiva kama mikono, akageuka kutafuta kitu cha kufuta kwenye kaunta, na kaunta ilikuwa safi. Kidevu cha Mzee Gen kilikuwa kinatetemeka, na mimi nilitazama pembeni, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mimi sitaki kuyaona.

Ni Naoki aliyesogea. Alitoka nyuma ya kaunta, akaliinua furushi, akalipima uzito kwa mkono, nadhani akashangaa jinsi lilivyo jepesi. Halafu akaanza kupanda nalo ngazi.

"Dabodeka zitatosha kwenye vyumba vingine," akasema akiwa katikati ya ngazi, bila kugeuka. "Na hapa nitaweka bomba la kushikilia. Mzee, utanionyesha linavyofungwa, mimi sijui."

"Usitumie misumari," akajibu Mzee Gen. "Misumari inalegea."

Mvua ziliisha, jua la mwezi wa nane likaja, lile linalokausha samaki kabla hujamaliza kumtundika. Mvua nyingine zimekuja na kwenda tangu hapo. Naoki alimnunulia mzee viatu vipya, vinakaa chini ya kabati, vimetazama ndani. Vile vyeusi bado vinaning'inia bafuni juu ya boila, mahali penye joto kuliko pote katika mtaa wetu. Kila nikimuuliza Mama Fumie, anakibinya kidole gumba cha kiatu, anafikiri kidogo, anasema bado vina unyevu. Juzi nilimuuliza Mzee Gen mwenyewe. Naye akavibinya, akatikisa kichwa, akaenda kufagia.