Kigoda Nyuma ya Aliyekushinda

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Tulia kumzika jirani yetu, yule mzee mshona viatu vya akala. Uani kwake nikakuta ubao wake wa kiuthi umemwagiwa mahindi, kuku wanadonoa shimo baada ya shimo. Nilikasirika, wewe. Nikawafukuza, kisha nikakaa chini nikalia.

Kiuthi, bao la kwetu, ni vita vya ng'ombe. Mashimo ni maboma, mbegu ni ng'ombe, na kazi yako ni kuwateka wa mwenzako mpaka asibaki na kitu. Mimi nilijifunza mchezo huu kwa kushindwa. Kila Jumamosi ya soko wachezaji wa Migwani walikuja kucheza nasi, yeyote na yeyote, na desturi ilikuwa hii: ukishindwa, unachukua kigoda chako unaketi nyuma ya aliyekushinda, kimya, mpaka naye ashindwe, kisha nyote mnahamia nyuma ya aliyemshinda. Basi mimi, msichana wa darasa la sita, kila mara niliomba nianze na jirani. Alinimaliza kabla uji wangu haujapoa, nami nikapata kukaa nyuma yake hadi fainali, shati lake likinuka mpira wa tairi, macho yangu kwenye mkono wake.

"Msichana na ng'ombe wa watu, wapi na wapi?" nyanya yangu alinung'unika tukitwanga mahindi ya muthokoi. Lakini alinifungia viazi vitamu niende navyo.

Jirani hakunifundisha hata siku moja. Ila akigeuka kuchukua kiazi changu alisema, "Ng'ombe wako unawajua. Hesabu wangu." Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nimshinde mara moja, yeye ndiye akae nyuma yangu.

Jumamosi moja nikamshinda, mvua ya Novemba ikikaribia. Alitazama maboma yake matupu, akachukua kigoda, akaja. Sasa, kumsikia akipumua kisogoni mwangu kulinivuruga kabisa, na mzee mmoja wa Migwani akanimaliza upesi. Tukabeba vigoda vyetu, tukaketi nyuma ya mzee huyo, bega kwa bega.

"Haya, tutazame," jirani akaninong'oneza. Sijawahi kufurahi vile tena.

Mashindano yalikwisha zamani. Wajukuu wangu wanacheza kwa simu. Mtu akishindwa anabonyeza, anaanza upya, hana wa kumtazama. Ubao wa jirani niliuomba pale msibani, nikapewa pamoja na kigoda chake. Jioni nacheza peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto. Kigoda chake nimekiweka nyuma yangu, na mpaka leo kinanivuruga hesabu.