Mbuzi Wenye Kofia wa Mugutha

Shule niliacha Form Two, ama yenyewe ndio iliniacha, hiyo maneno hatujawahi kumaliza. Siku hizi naandika majina kwa vikombe za washindi, kaduka kadogo huko Kamenu. Bati za kuandikia majina zikibaki nakwaruza wanyama na sindano, napaka wino, napanguza, halafu nafinyilia karatasi yenye maji maji na picha inatoka. Watu wananunua wakidhani nimechora majirani wao.

Nikijipanga kwenda ruracio Mugutha, kupeleka mahari kwa kina mchumba wangu, nilichora wazee. Unajua vile huwa: wanakaa mchana mzima wakibishania mbuzi, na hakuna hata mbuzi moja iko hapo. Mimi nikageuza. Mbuzi wanne kwa viti za plastiki, koti na kofia, meza ya thamosi na mandazi mbele yao, wanabishana wapewe wanaume wangapi. Wa kwanza kwa laini ya hao wanaume ni mimi, mdomo wazi, mbuzi mmoja ananikagua meno.

Nikaposti picha kwa status ya simu. Nikasahau juzi tu nilikuwa nimesevu namba ya baba mkwe.

Siku yenyewe, chai ikiisha, msemaji wao, kaka mkubwa wa baba mkwe, akatoa simu, picha yangu iko hapo, akaipitisha. Mjomba yangu, ambaye alikuwa aniongelee, akaanza kuangalia mlango. Mchumba wangu akachungulia kutoka jikoni na macho ya kusema nimejimaliza. Nikajua bibi sina.

Msemaji akaniuliza yeye ni mbuzi gani. Nikasema hakuna mtu hapo, ni mbuzi tu. Mzee wa kando yake akacheka.

“Wacha uongo, kijana. Huyu ni yeye. Si uone tumbo.”

Msemaji akasema hiyo tumbo ni ya huyo anayecheka. Wakaanza kugawana mbuzi, kila mzee akimpatia mwenzake ile mbaya. Baba mkwe peke yake hakupewa mbuzi. Alichukua simu, akavuta picha ikakuwa kubwa, akaizungusha huku na huku.

“Na mimi niko wapi?”

Nikamwambia kwa heshima yote kwamba yeye hayuko, singethubutu.

“Hawa wote wanakula mahari ya msichana wangu, na mimi mwenye boma sipo?”

Akasema hakuna kutoa msichana mpaka yeye mwenyewe awe ndani ya picha.

Jumatatu nilifungua duka mapema. Bati ya ile picha ilikuwa imejaa, nafasi ilikuwa tu hapo juu ya meza, kando ya thamosi. Nikamsimamisha hapo, kwato kwa mandazi, ndevu mpaka kifuani, pembe zinagusa paa.

Nikachapa, nikampelekea. Akaangalia, akajishika kidevu.

“Mbona nimepanda meza?”

“Mzee, mwenye boma atakaa chini na wageni?”

Akaita mama mkwe aone. Mama mkwe akaangalia picha, akamwangalia yeye, akarudi jikoni mbio akiwa amejifunika mdomo na leso.

Baba mkwe akaniambia nirudi Jumamosi na wazee wangu tumalize, nichukue msichana. Na niwabebee wale wazee wake picha zao, lakini ziwe ndogo kuliko yake.